Mshono wa Nyuma

Mama mdogo alinipa kifurushi saa kumi na moja jioni, kimefungwa kwa karatasi nyembamba na utepe mweupe.

"Ufike kabla giza halijaingia," alisema. "Usimpe mtu wa mlangoni. Mpe mwenyewe, mvalishe, nyoosha mshono, urudi. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho, mwanangu. Jumatatu unarudi darasani."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Nilitikisa kichwa. Hakuwahi. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wake huyu ndiye aliyenichukua, akanilaza kitanda kimoja naye mpaka nikaacha kuota ndoto mbaya. Nilipofika miaka kumi na tano macho yake yalianza kudhoofika, akaniomba nimsaidie kazi muhula mmoja tu. Muhula ukawa miwili, miwili ikawa mwaka na nusu. Madaftari yangu yalikuwa bado chini ya kitanda. Jioni nyingine niliyatoa nikayasoma upya, yale yale, kwa kuogopa kusahau.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza stokingi. Watu hucheka nikisema hivyo. Nani anatengeneza stokingi siku hizi, si unatupa na kununua nyingine? Lakini wapo wanaozitunza. Maharusi, waigizaji, wazee wenye makabati yaliyojaa hariri ya ujana wao. Wakiziona zimefumuka, wanatuletea. Kwenye ukuta wa karakana ilining'inia miguu mitano ya mbao, kichwa chini, vidole juu. Unauvisha mguu wa mbao stokingi, unawasha taa ndogo nyuma yake, unautafuta ule uzi mmoja uliokatika. Halafu unachukua sindano ya ndoana, nyembamba kama unywele, unakidaka kitanzi kilichoanguka na kukipandisha, kitanzi juu ya kitanzi, kama mtu apandaye ngazi. Ukimaliza, hata mwenyewe huoni palipokuwa na tundu.

Mama mdogo alinifundisha huku akisimulia. Aliniambia zamani stokingi zilikuwa za wanaume. Wafalme na wapanda farasi ndio waliotamba na mashavu ya miguu yao, na wanawake wakaficha yao chini ya magauni yaliyofagia sakafu. Halafu magauni yakapanda, miguu ikatoka nje, na kila mtu akataka hariri yenye mshono nyuma, kutoka kisigino mpaka pajani. Ikaja nailoni. Ikaja vita kubwa, nailoni ikaenda kushonea miavuli ya askari wa kuruka kutoka ndegeni, na wanawake wakabaki na miguu mitupu. Unajua walifanya nini? Walijichora mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya wanja, ili waonekane wamevaa.

"Walijichoraje nyuma ya mguu?" niliuliza.

"Walichorwa na dada zao. Nyuma ya mguu wako huwezi kupaona vizuri, mwanangu. Lazima umwamini mtu."

Baadaye zikaja za mashine zisizo na mshono, halafu taiti za kiunoni, na mikanda ya kushikilia stokingi ikaenda kuoza kabatini. Lakini mama mdogo aliipenda ya mshono kuliko zote. Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine: stokingi ya mshono haikabidhiwi mkononi tu. Aliyeitengeneza anapiga magoti, anamvalisha mteja, anaunyoosha mshono kwa kidole gumba. Mshono ukipinda ni aibu ya karakana.

Nilipokuwa natoka, mama wa kupiga pasi, tuliyemwita Pasi tu, alinitania kama kawaida.

"Haya, twiga, nyanyua hiyo miguu. Akili ingekuwa ndefu hivyo ungeshakuwa daktari."

"Jumatatu naanza kuusomea udaktari, tutaonana hospitali!"

Hakucheka. Alikitazama kifurushi.

"Hizo za nani?"

"Za bibi wa ghorofa ya tatu. Yule asiyetoka nje."

Pasi alisimama vile vile, mkono juu ya meza. Moshi mwembamba ulianza kupanda.

"Pasi," mama mdogo alisema polepole, bila kuinua uso. "Unaunguza kitambaa."

Pasi aliinua pasi yake. Hakuniangalia tena.

* * *

Jengo lilikuwa mwisho wa mtaa, la ghorofa nne, lenye lifti iliyofungwa kwa mnyororo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilipanda ngazi. Ghorofa ya kwanza nilisikia redio na mtoto akilia. Ya pili nikasikia bomba likidondosha maji.

Ya tatu, kimya.

Halafu harufu. Kwanza dawa ya nondo, ile ya makabatini. Chini yake harufu nyingine... ya nywele zilizopitiwa na moto.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Hodi," nilisema.

Ndani kitu kiliburutwa sakafuni. Kwaru... kwaru... Kikanyamaza.

"Ingia, mjukuu. Umekawia."

Kilikuwa chumba kikubwa chenye dirisha moja, na mwanga wa jioni uliobaki ulikuwa wa rangi ya chai. Kamba zilipita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na juu ya kamba zilining'inia stokingi. Mamia. Za hariri, za pamba, za nyavu, nyeusi, za rangi ya mwili. Nilianza kuzitambua kwa furaha kama mtu anayeona picha za kitabu chake: hii ya kabla ya vita, hii ya nailoni ya kwanza, hii imedariziwa kifundoni. Niliinama nipite chini yake. Moja ikanigusa shavu.

Ilikuwa ya moto.

Nikatazama vizuri. Stokingi tupu hulala bapa, kila mtu anajua. Hizi hazikulala bapa. Zilikuwa zimejaa. Zilikuwa na magoti.

"Usizijali hizo," sauti ilisema. "Zimeshachoka. Njoo huku."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi mapajani. Uso wake haukuwa wa kutisha. Ulikuwa uso wa bibi yeyote, na meno yake yalikuwa yote kinywani. Niliona haya kwa kuogopa kwangu. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikafungua utepe, nikamwomba ruhusa, nikaondoa blanketi.

Sijui niiseme vipi miguu ile.

Haikuwa na kidonda wala damu. Ngozi ilikuwa ya kijivu, imelegea, na kutoka gotini kwenda chini ilikuwa imefumuka. Hivyo hivyo, kama stokingi. Kitanzi chini ya kitanzi, mstari mrefu ulioachana, na katikati ya mstari nikaona kilichokuwa ndani, nacho hakikuwa kitu. Palikuwa na giza tu.

"Mama mdogo wako hajakuambia?" alinong'ona.

"Ameniambia... nikuvalishe."

"Basi nivalishe."

Mtu atauliza kwa nini sikukimbia. Nilifikiri ni ugonjwa. Nilifikiri ukimkimbia mgonjwa umemtukana. Na zaidi ya yote nilifikiri Jumatatu.

Niliikunja stokingi ya kulia kwa vidole gumba mpaka ikabaki kifuko kidogo cha vidole, nikaanza kumvika. Hapo ndipo mikono yangu ilipojua kabla yangu. Mahali pa vidole palikuwa pamefungwa kwa vitanzi viwili viwili, kitu ambacho mtu mmoja tu ninayemjua hufanya. Mama mdogo aliniambia hizi ni stokingi za zamani alizoletewa kutengeneza. Hazikuwa za zamani. Hazikuwahi kuvaliwa na mtu. Alizifuma yeye.

Niliisogeza kwenye mwanga. Ndani ya uzi mweusi mlipita uzi mwingine, mwekundu wa kutu.

Nywele zangu ni nyekundu za kutu. Shuleni waliniita Msumari.

"Endelea," alisema bibi. "Mikono yako ni mizuri."

Nikaendelea. Mungu anisamehe, nikaendelea, kwa sababu mikono iliyozoea kazi haisubiri kuambiwa. Kifundo. Ugoko. Na pale kwenye ugoko, mbele kidogo, kulikuwa na alama ya uzi uliorudiwa, imepinda kama ukucha. Mimi nina kovu hapo, la siku nilipoanguka kwenye ngazi za karakana. Limepinda kama ukucha.

Mguu ulikuwa unajaa. Kila nilipopandisha, nyama ilifuata ndani ya stokingi, shavu la mguu likatuna, goti likawa duara, goti la msichana.

Na mguu wangu ulikuwa unapoa.

Ulianza kwenye kidole kikubwa. Halafu wayo. Nilidhani ni ganzi ya kupiga magoti. Nikafika pajani, nikafunga kishikizo, nikapitisha kidole gumba nyuma kunyoosha mshono.

Nilisikia kidole changu mwenyewe kikipita nyuma ya mguu wangu.

Kutoka kisigino. Mpaka pajani.

"Umenyooka?" aliuliza kwa upole.

Hapo nikakumbuka. Mwezi mmoja nyuma, baada ya chakula, mama mdogo alinisimamisha juu ya kigoda na utepe wa kupimia. Soksi za shule, alisema, nataka nikufumie mwenyewe, za dukani zinalegea. Nilisimama wima kama askari, nikicheka kwa mtekenyo. Alipima wayo. Akapima kifundo, ugoko, shavu la mguu, akapima goti. Akaendelea kupanda. Pajani alipima mara tatu, akiandika, na siku ile mimi nilikuwa nikimwambia habari za hesabu na jiografia.

Soksi za shule zinaishia chini ya goti.

"Huu tayari," bibi alisema. Aliukanyaga sakafuni ule mguu niliomvalisha. Kishindo kizito, kizima. "Bado wa kushoto. Nivalishe, mjukuu. Ni lazima iwe mikono ya mwenye miguu. Ingekuwa si hivyo, angekuja yeye."

"Yeye nani?" nilinong'ona, ingawa nilijua.

"Yule aliyekutuma. Nilimwambia achague: miguu yake au ya mwingine. Hakuchukua hata siku moja kufikiri."

Stokingi ya kushoto ilikuwa magotini kwangu. Yeye alinyoosha mguu wake uliofumuka na kuuweka juu ya paja langu, mwepesi kama karatasi. Ulikuwa unatetemeka kwa hamu.

Mguu wangu wa kulia haukuwepo tena. Niliuona, lakini haukuwepo.

Nikafikiri kama fundi. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Kila kilichofumwa kina mahali kilipofungwa, na mama mdogo hufunga fundo lake la mwisho ndani ya pindo la juu, upande wa kushoto wa mshono. Anaficha vizuri. Lakini mimi ndiye aliyekuwa akimtazamia mafundo macho yake yalipodhoofika.

"Ngoja niilainishe, bibi," nilisema.

Nikaingiza ukucha ndani ya pindo. Nikalipata.

Nikavuta.

Krrrrrr...

Stokingi nzuri iliyofumwa kwa mwezi mzima hufumuka kwa pumzi mbili. Uzi ulikuja mkononi mwangu kama maji. Bibi hakupiga kelele. Kelele ilitoka juu, kwenye kamba. Zile stokingi zote zilianza kurusha mateke, bila sauti ya koo, nguo ikipiga nguo, magoti yakigongana gizani.

Nilijirusha nyuma, nikatambaa, nikashika mlango. Nilipogeuka alikuwa amesimama. Mguu mmoja wa kijivu uliokunjamana kama gazeti lililolowa. Mmoja wangu. Alikuwa anaujaribu, anaupindisha kifundo, kama msichana mbele ya kioo cha duka la viatu.

Alikuwa anatabasamu.

"Mwambie umebaki mmoja," alisema.

* * *

Ngazi nilizishuka kwa makalio. Nje taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Nilijiburuta kwa kushika kuta, na njia yote nilisema jambo moja moyoni: hakujua. Alidanganywa. Bibi yule ni mwongo. Mama mdogo atafungua mlango, ataniona, atapiga mayowe, atanibeba. Nilikuwa nimeshamsamehe kabla sijafika.

Alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja.

Hakuniangalia usoni. Aliinamisha kichwa akaangalia miguu yangu. Wa kulia, unavyoburutika. Halafu wa kushoto, uliosimama.

Akakunja uso kama mtu aliyeletewa kazi nusu.

"Mmoja tu?" akasema.

Nimesikia matusi mengi maishani. Hakuna lililowahi kuniingia kama maneno yale mawili.

"Mama," nilisema. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe." Alikuwa analia tayari, lakini macho yake bado yalikuwa chini. "Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba, mimi ndiye mwenye kazi. Nikianguka mimi, sote tumeanguka. Wewe bado mdogo, unaweza kusoma umekaa. Kusoma si kwa kichwa? Si nilikuambia unarudi? Unarudi. Ningekupeleka mwenyewe kwa kiti cha magurudumu."

Alisema hivyo. Alikuwa ameshapanga mpaka kiti.

"Nipe uzi," alisema, na sauti yake ikabadilika. "Uko wapi uzi?"

Ulikuwa umezungushwa kwenye kiganja changu, umekaza mpaka vidole vimevimba. Nilikuwa sijui kwamba nimetoka nao.

Sikumpa.

* * *

Siku hizi naishi kwa Pasi, chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyenikuta nimekaa barabarani usiku ule, akaniweka mgongoni kama mtoto, akitukana ngazi zote za kwake. Nilimwuliza alijua nini. Alikuwa akikunja nguo.

"Kabla yako alikuwapo msichana mwingine pale karakanani," alisema. "Mama mdogo wako alituambia ameolewa."

"Hakuolewa?"

"Aliolewa na mkongojo. Nilimwona sokoni. Nilijiambia ni ajali."

"Na mimi ulijiambia nini?"

Aliendelea kukunja nguo.

Hospitali walinichoma sindano kwenye wayo wa kulia, walinigonga goti, wakaandika kwamba hawaoni tatizo. Daktari kijana aliuliza kwa nini nimejichora mstari nyuma ya mguu, na akasugua kwa pamba yenye spiriti. Haukutoka. Ni mweusi, mwembamba, umenyooka sana. Sijawahi kunyoosha mshono vizuri kama ule.

Uzi nimeufunga kwenye chupa. Nilijaribu kuuchoma mara moja, ncha yake tu, na kidole kidogo cha mguu wangu wa kushoto kikatoka lengelenge. Tangu hapo naulinda kama yai.

Mwanzoni mama mdogo alikuja kila jioni. Alikaa nje ya mlango wa Pasi, mgongo ukutani, akinong'ona kupitia ufa. "Niletee uzi, mwanangu. Uzi tu. Sitakugusa." Nilisikia sauti ile ile iliyonibembeleza nikiwa na miaka tisa, na mara mbili nilijikuta nimeshainuka kitandani, chupa mkononi. Sijui ni uchawi. Nadhani hapana. Nadhani nilikuwa nampenda tu.

Wiki ya tatu akaacha kuja.

Nilifurahi. Pasi hakufurahi.

"Mbona ameacha kuomba?" alisema. "Kule kwake uliacha nini?"

"Madaftari."

"Nyingine?"

Nikafikiri. Mto wangu. Kilemba changu cha kulalia. Kitana changu, ambacho alikuwa hataki nikisafishe, alikuwa akikisafisha mwenyewe kila Jumamosi. Vipimo vyangu vyote, vya miguu miwili, kwa mwandiko wake.

Tangu siku ile Pasi hunikagua kila asubuhi. Nalala kifudifudi, anasogeza taa, anaangalia nyuma ya mguu wa kushoto toka kisigino mpaka juu. "Safi," anasema. "Hakuna kitu, twiga." Halafu ananipa chai.

Jana nilipokuwa naoga nilipitisha kidole mwenyewe. Ngozi haiumi, haiwashi. Lakini kidole changu ni kidole cha fundi, kinasoma uzi hata gizani. Kuna kitu kinaanzia katikati ya kisigino. Ni chembamba sana, kimeinuka kidogo tu, kimenyooka. Kimeshapita shavu la mguu. Kimefika nyuma ya goti.

Kitu kirefu hivyo hakikufumwa kwa siku moja.

Asubuhi hii Pasi alinikagua tena. Nilihisi pumzi yake ikisimama, na taa ikikaa mahali pamoja kwa muda. "Safi," alisema.

Nimekunywa chai yake. Sijamwuliza kitu. Chupa nimeihamishia mahali asipopajua, na kesho nitalala tena kifudifudi, nimsikilize atakavyosema.